Mimba ya Krismasi

Kwa anwani ya Bw. Ishwarlal, Duka la Vitambaa,
Nyeri Mjini
28 Mei 1972

Kwa ndugu yangu Ngatia,

Salamu nyingi kutoka Gatitu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na kama jua la Marsabit limekuchoma kuliko lilivyokuwa limekuchoma Krismasi, basi ukija tutakuuliza kipande kwanza tujue ni wewe. Sisi hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti. Mutahi ameota meno mengine na ameyajaribu kwenye kidole changu. Mvua ni nyingi mno, maharagwe ya upande wa chini yameanza kuoza, na ule mlango wa zizi ulioahidi kuutengeneza bado tunaufunga kwa kamba. Mimi bado nashona kwenye baraza ya Bw. Ishwarlal, na barua zako bado zinapitia sanduku lake, kwa hiyo usibadilishe anwani.

Jumapili tukitoka kanisani, kama kuna barua yako, wote wanakaa jikoni wanisikilize. Nasoma salamu za kila mtu kwa jina lake, na kila mtu anaitikia kama vile umesimama mlangoni. Mkeo Kagure huitikia kwa sauti ya chini kuliko wote, lakini nikimaliza hunifuata nje anione faraghani, nimwonyeshe jina lake liko wapi. Unajua hakusoma, miaka ile ya vita shule yao ya Kianyaga ilifungwa. Basi huliwekea kidole lile jina, akacheka, akarudi kwenye vyungu.

Sasa habari yenyewe. Nimempeleka kliniki. Nesi alimwuliza hedhi ya mwisho aliiona lini, na wifi yangu akaona haya, akasema tangu amzae Mutahi hajaona kitu kwa sababu bado alikuwa ananyonyesha. Kwa hiyo nesi akamlaza, akapima kwa vidole kutoka kitovuni kwenda juu, akaweka ile pembe yake ya kusikilizia moyo wa mtoto, akasema, "Mama, hii tumbo ni ya miezi saba." Kagure akambishia, "Hapana, nesi, hii ni ya Krismasi." Nesi akasema, "Nyinyi mnasahau, lakini tumbo haisahau," akaandika saba kwenye kadi. Mimi sikuwa na habari na mabishano yao, nilikuwa nimeshafika mbali kwa furaha. Mtoto Julai, Ngatia! Nimeanza kumshonea Kagure gauni pana, maana yale ya zamani yote yamemkataa.

Mama anaomba awe msichana, achukue jina lake, azaliwe tena. Anaita lile tumbo "mimi". Asubuhi anamwuliza Kagure, "Mimi nimelalaje?" Kagure anamjibu, "Umenipiga mateke usiku kucha, mama." Nyumba imejaa kicheko.

Kagure anakusalimu sana. Anasema ule mti wa plamu ulioupanda mlangoni umeshika.

Dada yako,
Magdaline


Kambi ya Barabara, Laisamis
14 Juni 1972

Kwa dada Mage,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi sijambo. Huku hakuna mvua, kuna vumbi na fisi. Bado mimi ni yule yule wa kushika mnyororo wa kupimia barabara: bwana mpimaji anachungulia kwenye darubini yake, mimi natembea mbele na mnyororo, tunakata kilomita moja baada ya nyingine kuelekea kaskazini. Juzi nyoka alilala juu ya mnyororo nikafikiri ni sehemu yake. Wenzangu wamecheka mpaka leo.

Msalimu Mama sana, mwambie goti alipake mafuta ya kondoo. Msalimu Mutahi, mwambie asile vidole vya watu. Msalimu mzee Kingori jirani yetu. Msalimu Bw. Ishwarlal na mkewe Prabha, nawashukuru kwa sanduku la posta. Wasalimu watu wote wa kanisani.

Umeandika miezi saba. Ni nesi aliyesema hivyo, au wewe ulisikia vibaya? Nijibu hilo.

Ndugu yako,
Ngatia


Nyeri Mjini
25 Juni 1972

Kwa Ngatia,

Hatujambo sote. Natumaini nawe hujambo, na nyoka wamekuachia mnyororo wako.

Umewasalimu mama, mtoto, jirani, Mhindi na kanisa zima. Mmoja umemwacha. Nilianza kusoma jikoni bila kupitia barua kwanza, kama kawaida yangu ya haraka, na nilipofika kwa Prabha nikajua jina halimo. Kagure alikuwa amekaa karibu na moto, ameshaweka mikono juu ya tumbo kungojea. Ningefanya nini? Nilitunga salamu. Nikasoma, "Na Kagure nisalimie sana, mwambie namkumbuka." Akaitikia. Kisha akanifuata nje, akaomba nimwonyeshe jina. Nikasema karatasi imeingia maji kwenye begi. Alinitazama kitambo kirefu, akasema, "Sawa, Mage." Ngatia, yule mwanamke hajasoma lakini si mjinga.

Nilidhani umesahau. Usiku ule nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaelewa swali lako. Ulitoka hapa Agosti. Ukarudi siku chache kabla ya Krismasi, ukaondoka baada ya Mwaka Mpya. Miezi saba ya nesi inaangukia Oktoba, na Oktoba hukuwapo.

Nakujibu: ndiyo, nesi alisema saba. Sasa nisikilize na mimi. Nesi alipima kwa vidole, na Kagure ni mfupi. Mimi ni fundi cherehani, nimepima miili ya watu miaka kumi na mbili. Kwa mtu mfupi tumbo hukosa mahali pa kukaa, likapanda. Mama naye ana hesabu yake. Anasema Mutahi aliendelea kunyonya vizuri hadi Februari, kisha siku moja akaonja ziwa, akalia, akalisukuma, hakulitaka tena. Mama anasema ziwa hubadilika ladha mwanamke akiwa na mimba changa, na mtoto ndiye wa kwanza kujua. Kama mimba ingekuwa ya Oktoba, Mutahi angelikataa kabla hujaja, na wewe mwenyewe ulimwona Krismasi akining'inia kifuani. Na Kagure anasema mtoto alicheza tumboni mara ya kwanza Jumapili ya Pasaka, tukiwa tumesimama tunaimba. Nakumbuka, alinishika mkono ghafla nikadhani anataka kuanguka. Mimba ya Oktoba ingekuwa imeshacheza siku nyingi, hasa kwa mtu wa mtoto wa pili. Mwenyewe anasema atajifungua katikati ya Septemba, na hajabadilisha neno hilo hata siku moja.

Ndugu yangu, unanijua. Mimi nilirudishwa nyumbani na mume kwa kukosa mimba. Usinifanye nimshuhudie mwenzangu akirudishwa kwa kuwa nayo. Mwandikie salamu zake. Mstari mmoja tu.

Magdaline


Kambi ya Barabara, Laisamis
6 Julai 1972

Kwa dada Mage,

Sijambo. Msalimu Mama. Msalimu Mutahi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Unaniambia mtoto asiyejua kusema amekataa ziwa, na mtu alihisi kitu tumboni wakati wa wimbo. Mage, mimi ni mtu wa vipimo. Hapa kazini mtu akija na maneno, "Nadhani mto uko mbali hivi," tunamcheka, tunafungua mnyororo. Nesi amesomea. Ameweka vidole vyake, akaandika kwenye kadi ya serikali. Hana ugomvi nami wala hamjui Kagure, kwa nini aseme uongo?

Sisemi kitu kibaya juu ya mtu. Nahesabu tu. Usiku nalala kwenye hema nahesabu, nikiamka bado nahesabu. Hapa tuko wanaume ishirini, na kila mmoja ana mke nyumbani, na kila jioni kuna mzaha juu ya hayo. Zamani nilikuwa nacheka.

Hili ndilo neno langu. Kagure aseme ukweli. Akisema, nitasamehe, nakuapia, nitamlea huyo mtoto na jambo hili litaishia hapo. Sitamwuliza ni nani. Lakini akiendelea kunifanya mpumbavu na Krismasi yake, basi aende kwao Kianyaga, na Mutahi abaki kwa Mama. Mutahi ni wa nyumba yetu, hilo halina mjadala.

Ngatia


Nyeri Mjini
18 Julai 1972

Kwa Ngatia,

Mama hajambo. Mutahi hajambo, ana kikohozi kidogo.

Nilimsomea Kagure peke yake, nyuma ya zizi. Nilimsomea yote kama ulivyoandika, maana angejua kama nimeruka kitu. Alisikiliza akimtazama Mutahi, ambaye alikuwa anafukuza kuku. Akaniuliza, "Ati Mutahi abaki?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. "Na nikisema ni ya Oktoba, anasamehe?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.

Kisha akasema, "Basi mwandikie ni ya Oktoba."

Nikamwambia, "Kagure, hiyo si kweli." Akasema, "Mage, mimi niko na mtoto mmoja anatembea na mwingine hajatoka. Ukweli hainyonyeshi mtu. Mwandikie anisalimie."

Hivyo nimeandika. Umepata ulichotaka. Mimi siamini hata herufi moja ya hayo niliyoandika juu ya Oktoba, na kama ungeuona uso wake usingeamini. Lakini ameniomba kwa machozi nisiongeze maneno yangu, kwa hiyo naishia hapo.

Mama ameambiwa, kwa sababu Kagure alisema mambo kama haya yasifichwe nusu. Mama hakugomba. Ameacha tu kuliita lile tumbo "mimi". Asubuhi anapita karibu na Kagure anaenda kukamua ng'ombe, hamwulizi amelalaje. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia mlango wa zizi ukigongana na kamba yake.

Tumbo limekuwa kubwa sana. Gauni nililoshona nimelipanua pande zote mbili, na bado linabana. Kliniki wanasema siku zimetimia na uchungu usipokuja mwisho wa mwezi tumpeleke hospitali.

Tafadhali andika haraka. Anangoja.

Magdaline


Kambi ya Barabara, Laisamis
27 Julai 1972

Kwa dada Mage,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, na leo nimelala usingizi wa kwanza tangu Juni. Barabara imefika kwenye mto mkavu na wiki ijayo tutaanza kupima mahali pa daraja.

Unaona sasa? Nilikuambia kipimo hakina upendeleo. Wewe na Mama mlitaka kunitia mashaka na maziwa na nyimbo, lakini nesi alikuwa amesema tangu siku ya kwanza. Sina hasira tena. Nimesema nitasamehe na nimesamehe. Mimi si mtu wa kula maneno yangu.

Msalimu Kagure. Mwambie nimemsalimu mimi mwenyewe, kwa jina lake, na akuombe umwonyeshe mahali nilipoliandika. Aendelee kukaa hapo nyumbani, Mutahi ni wake, na nikija Krismasi hakuna atakayemwuliza neno.

Jambo moja tu. Mtoto akiwa msichana, asiitwe Watiri. Jina la mama yangu haliendi kwa damu ya mtu nisiyemjua. Apewe jina la upande wa Kianyaga, Waithira, kama mama yake Kagure. Nadhani hilo si kubwa kuomba.

Msalimu Mama, Mutahi na mzee Kingori.

Ngatia


Nyeri Mjini
13 Agosti 1972

Kwa Ngatia,

Mama anatembea. Mutahi amepona kikohozi. Mimi sijui kama sijambo.

Barua yako ya msamaha imefika Ijumaa iliyopita. Nasikia lori lenu lilivunjika ekseli njiani na mifuko ya posta ikakaa Archer's Post siku zote hizo. Imefika tukiwa tumeshatoka kuzika. Nitakueleza kwa mpangilio, na usome mpaka mwisho, usikunje karatasi.

Mwisho wa Julai uchungu ulikuwa haujaja. Tukampeleka hospitali, mimi na Mama. Mganga msaidizi aliangalia kadi, akatazama lile tumbo, akamwuliza mwenyewe, "Mama, hii mimba ilianza lini?" Kagure alinitazama, halafu akamtazama Mama yetu aliyekuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda ameshika kikapu. Kama angesema Krismasi, Mama angesikia, na lingekufikia. Akasema, "Oktoba." Mimi nilikuwapo, Ngatia. Sikufungua mdomo, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimekuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa sababu alikuwa ameniomba.

Mganga akasema amepitisha siku, mtoto anaweza kuharibika ndani, afadhali wamtoe. Wakamtundikia chupa ya dawa ya kuleta uchungu. Wamefanya walivyoambiwa. Kama Oktoba ingekuwa kweli, wangekuwa wamefanya vizuri.

Alizaa asubuhi. Msichana. Mkunga alimshika, na badala ya kumpiga kidogo alie, akasimama tu anamtazama. Kisha akaweka mkono kwenye tumbo la Kagure, lilikuwa bado limejaa, akaita wenzake, "Kujeni, kuna mwingine." Wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini vidole vya nesi vilipanda juu kiasi kile, na kwa nini nilipanua gauni pande zote mbili. Mfupi, na ana pacha. Moyo wa pili hakuna aliyeusikia kwenye pembe, na hakuna aliyeutafuta, kwa sababu jibu la kila swali lilikuwa limeshapatikana: mimba ni kubwa kwa kuwa ni ya Oktoba, ni ya Oktoba kwa kuwa ni kubwa.

Wa pili naye msichana.

Mkunga alituita mimi na Mama kwenye meza. Akatuonyesha bila kusema mengi. Kucha hazijafika kwenye ncha za vidole. Ukikunja sikio linabaki limekunjika. Mabegani kuna nywele laini kama za tunda la pichi, na nyayo ni laini kabisa, hazina hata mstari mmoja. Mtoto aliyetimiza siku huwa na mistari unyayo mzima, akasema, na aliyepitisha siku ngozi yake hukauka na kuambuka. Hawa ni njiti, ni wa miezi saba na kitu kidogo. Akauliza kwa ukali, "Nani alisema Oktoba?"

Kagure alijibu kutoka kitandani, "Ni mimi nilisema."

Hesabu mwenyewe, mtu wa vipimo. Kutoka mwanzo wa Agosti rudi nyuma miezi saba na kitu kidogo. Utajikuta umekaa kwenye kile kiti chako jikoni, unakula mukimo wa Krismasi, umembeba Mutahi.

Mama alishika ule mguu mdogo mpaka mkunga akamwomba auachie. Alikaa chini sakafuni, mbele ya watu wote, yeye asiyependa hata kukaa kwenye majani. Akamwambia Kagure, "Ni mimi huyu. Nami nilipita karibu yako kila asubuhi nikiwa sikusalimu." Kagure alikuwa amechoka, alimwambia tu, "Inuka, mama, hapo ni baridi."

Waliwalaza kwenye sanduku moja lenye pamba na chupa za maji ya moto. Prabha, mke wa Bw. Ishwarlal, alileta flana nyeupe, akazikata mwenyewe hapo hapo, hakutaka kusikia habari ya malipo. Karani wa wodi akaja kuuliza majina. Kagure akasema, "Ngojeni barua." Kila siku karani alirudi na kila siku Kagure alisema hivyo, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa hujasema kama wana kwao. Mimi nilikuwa nakimbia dukani kutazama sanduku la posta na kurudi.

Yule wa kwanza alikuwa anasahau kupumua. Ukimgusa unyayo anakumbuka. Tulimgusa kwa zamu, mimi, Mama na Kagure. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, Kagure alimgusa, hakukumbuka.

Karani alisema hawezi kuandika mtoto asiye na jina hata akiwa amekufa. Mama akasema, "Andika Watiri." Kagure akamwambia tungojee barua. Mama akasema yeye si mtu wa kuruhusiwa jina lake na mtoto aliyemzaa. Kwa hiyo tumemzika kwa jina hilo, pale upande wa juu wa mti wa plamu. Sanduku lilikuwa jepesi mno, mzee Kingori alilibeba kwa mkono mmoja, akaona aibu, akaweka na wa pili.

Halafu ikaja barua yako. Jumapili, jikoni, Mama aliniambia nisome. Safari hii sikuongeza wala sikupunguza. Nilisoma msamaha wako wote. Nilisoma usingizi wako mzuri. Nilisoma habari ya jina. Mama alipoisikia alisema, "Mwandikie Ngatia ya kwamba mimi nimezaliwa na nimezikwa katika wiki moja, na yeye alikuwa anapima barabara."

Kagure hakuniomba nimwonyeshe jina lake, ingawa ulikuwa umeliandika vizuri.

Yule mdogo bado yuko hospitali, ananyonya kwa kijiko. Anaitwa Waithira, kama ulivyoagiza.

Ngatia, usiandike. Njoo.

Magdaline


Kambi ya Barabara, Laisamis
30 Agosti 1972

Kwa dada Mage,

Msalimu Kagure. Namweka wa kwanza. Msalimu Kagure mke wangu, msalimu tena Kagure. Msalimu Waithira mdogo. Msalimu Mutahi. Msalimu Mama, kama atakubali.

Umesema nije nami nimeandika. Nilipata ruhusa ya bwana mpimaji, nikapanda lori mpaka Isiolo, nikalala hapo. Asubuhi nilisimama kituoni nikaona magari ya Nanyuki na Nyeri yanajaa na kuondoka. Nikarudi kambini. Sijui nitaingiaje kwenye ule mlango. Nikiingia nitasema nini kwanza? Kila neno ninalolifikiria Kagure alishaniambia tangu Mei, mimi ndiye sikulitaka.

Nimehesabu kama ulivyosema. Nimefika kwenye kile kiti.

Wenzangu wananiuliza nina nini, nawaambia malaria. Juzi bwana mpimaji aliita kipimo cha daraja na mimi nilishika mnyororo nikashindwa kusoma, nililia mbele yao kama mtoto. Nilimpenda tangu siku ile ya harusi ya rafiki yetu Theuri huko Kianyaga, aliponicheka viatu. Hofu ndiyo ilinila. Nilisikia mizaha ya hema nikaamini mizaha kuliko mtu niliyemwoa.

Niombee msamaha kwake. Mwambie namwomba arudi kama ameondoka, akae kama hajaondoka. Mtoto aitwe jina lolote analotaka Kagure. Nitakuja Krismasi, nitautengeneza ule mlango.

Ndugu yako,
Ngatia


Nyeri Mjini
17 Septemba 1972

Kwa ndugu yangu Ngatia,

Hatujambo. Mvua bado. Viazi tumevuna, ni vizuri. Mlango wa zizi ameutengeneza mzee Kingori.

Kagure yuko kwao Kianyaga tangu Waithira aruhusiwe kutoka hospitali. Hakufukuzwa na mtu wala hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akaja kumuaga Mama, na Mama mwenyewe akamvika Mutahi sweta, akamkabidhi mkononi. Alisema, "Nenda naye. Alikuwa wako siku zote." Kagure alilia hapo kwa mara ya kwanza. Fikiria, Ngatia. Uongo wote ule aliusema kwa ajili ya mtoto huyu asibakizwe, na mwisho hapakuwa na aliyetaka kumbakiza.

Jana nilikwenda Kianyaga na barua yako. Nilimkuta anachuma kahawa ya mama yake, mtoto mgongoni. Amenenepa kidogo, yule mtoto. Sasa analia kwa nguvu, na ukigusa unyayo wake anauvuta kwa hasira, na mistari imeanza kuonekana. Nilikaa kwenye majani karibu naye, akiendelea kuchuma, nikamsomea. Nilisoma polepole, maana na mimi nilikuwa nataka akusamehe. Wewe ni ndugu yangu, nakupenda, na nimekukasirikia mpaka nimekonda.

Nilipofika pale pa kituo cha Isiolo aliacha kuchuma. Palipo na viatu vya harusi ya Theuri alicheka kidogo, nakuambia kweli alicheka, nikapata matumaini. Nikamaliza. Akaniambia, "Rudia majina."

Nikarudia. Kagure, tena Kagure, Waithira, Mutahi, Mama.

Akauliza, "Na Watiri?"

Nikasema, "Ndiye huyo Mama, amemsalimu." Akasema, "Hapana. Watiri wangu."

Nikaitazama ile karatasi pande zote mbili. Ningeweza kutunga, nilishawahi. Lakini alikuwa amenyoosha kidole tayari, anangoja nimwonyeshe mahali, na safari hii sikuwa na maji ya kusingizia. Nikamwambia, "Hayumo, Kagure."

Akafuta mikono kwenye gauni, lile lile nililompanulia, sasa amelifunga kiunoni kwa kamba. Akasema, "Hii ndio wiki yao, Mage. Nilimwambia nesi, nilikuambia wewe, nilimwambia Ngatia. Katikati ya Septemba. Leo wangekuwa wanazaliwa wote wawili, wazima." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia siku ya soko. Kisha akarudi kwenye kahawa, nami nikamsaidia mpaka kikapu kikajaa.

Njoo Krismasi kama ulivyosema, au njoo kabla. Pita kwanza kaburini, upande wa juu wa mti wa plamu, umsalimu yule uliyemsahau, kwa jina lake. Baada ya hapo sijui. Sina la kukuahidi.

Mama anakusalimu. Amesema niandike hivyo, na nimemwuliza mara mbili kama ana hakika. Mutahi anakusalimu, amenipa kokwa la kahawa nikuletee, liko ndani ya bahasha. Mama Waithira wa Kianyaga anakusalimu kwa adabu tu. Kwa Kagure nilingoja mpaka gari la mwisho la kurudi Nyeri likapiga honi, nikamwuliza kama ana salamu zozote za kukupelekea, akanishika mkono, akaniambia nisichelewe gari.

Dada yako,
Magdaline